Mshika Kamba

Mathayo hakupiga hodi. Aliingia uani kwa Silvano Jumatatu jioni, ukungu ukiwa umeshashuka hadi kwenye paa la zizi, akatoa kamba mfukoni mwa koti lake na kuitupa chini, mbele ya mlango wa jiko.

"Kamba yenu hiyo," alisema. "Marta hakimbii tena."

Ilikuwa kamba fupi iliyosokotwa kwa vipande vya khanga, yenye kitanzi kila upande. Kitanzi kimoja kilikuwa cha Yudith, binti wa Silvano, ambaye haoni. Kingine kilikuwa cha Marta, binti wa Mathayo, ambaye anaona. Tangu mvua za vuli ziishe, wasichana hao wawili wa kidato cha pili walikuwa wakikimbia pamoja wamefungana mkono kwa mkono, wakijiandaa kwa mashindano ya shule za milimani. Mashindano yenyewe yalikuwa Jumamosi ya wiki ileile, Lushoto mjini.

Silvano aliacha kuchonga mpini wa jembe. "Karibu ukae kwanza, baba Marta."

"Sikai. Mtoto wangu kalala, mguu umevimba kama kiazi. Kasema walitumbukia mferejini wakikimbia. Mimi sina ugomvi na wewe, Silvano. Wewe ni mwenyekiti wetu wa jumuiya, tunasali pamoja. Lakini mkosi wa nyumba yako ubebe mwenyewe. Usiwagawie majirani."

Silvano aliuangalia mpini mkononi mwake. Mkewe, Filomena, alikuwa amesimama jikoni na mwiko mkononi, akingoja mumewe aseme neno. Aliyetoka ni Yudith. Alikuwa akimenya viazi. Alifuta mikono kwenye sketi, akapapasa mwimo wa mlango na kusimama.

"Shikamoo, baba Marta."

Mathayo aliangalia pembeni. "Marahaba," alisema, maana shikamoo haiachwi hewani hata na mtu mwenye hasira.

"Mpe Marta pole. Kesho nitakuja kumwona. Lakini pale mferejini tulikuwa wawili, na mwenye macho alikuwa yeye."

"Umesikia?" Mathayo alimgeukia Silvano. "Umesikia anavyojibu wakubwa?"

"Yudith, ingia ndani," alisema Silvano.

Yudith hakuingia. Aliinama, akapapasa udongo mpaka mkono wake ukaigusa kamba, akaikung'uta vumbi, ndipo akageuka. Mathayo aliondoka bila kuaga. Silvano alirudi kwenye mpini wake, akachonga, akachonga, mpaka ukawa mwembamba usiofaa tena kwa jembe.

&nbsp;

Kabla Mwalimu Sharifa hajahamishiwa shule ile, kipindi cha michezo kilikuwa kipindi cha Yudith kulinda masweta. Wenzake walivua, wakamrundikia mapajani, wakaenda kucheza. Siku ya kwanza Sharifa alipomkuta chini ya ukuta wa darasa na lile rundo, aliuliza, "Huyu anafanya nini?"

"Analinda masweta, mwalimu."

"Yanaibiwa na nani?"

Siku hiyohiyo Sharifa alimsimamisha Yudith upande mmoja wa kiwanja, yeye akaenda upande wa pili na filimbi, akamwambia akimbie kuifuata sauti. Yudith alikimbia hatua chache, mikono mbele kama mtu anayesukuma mlango, akasimama. Akakimbia tena. Mwisho wa kipindi alikuwa ameanguka, amechubuka viganja, na anacheka. Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza.

Sasa Sharifa alikuwa na mimba kubwa na hakuweza kukimbia mwenyewe. Jumanne alipita madarasa yote akiomba msichana wa kushika kamba badala ya Marta. Habari ya mfereji ilikuwa imeshatangulia. Mmoja alisema ana kifua. Mwingine alisema mama yake kamkataza. Wengine waliangalia viatu vyao. Hawakuwa wakatili. Walikuwa wamesikia watu wazima wakisema neno mkosi, nalo neno hilo lina mbio kuliko msichana yeyote wa shule ile.

Jumatano mkuu wa shule akamwita Filomena ofisini. Alimpa kiti, akamwuliza habari za shamba na kabichi, kisha akakunja mikono juu ya meza.

"Mama Yudith, sisi tunampenda sana binti yako. Ndiyo maana hatutaki aumie. Jumamosi twende naye, lakini tumemtafutia kitu kinachomfaa. Ataimba na kwaya wakati wa ufunguzi. Hawa wenzetu wasioona Mungu kawapa sauti."

"Yudith hana sauti," alisema Filomena. "Akiimba kanisani watu wanageuka kuangalia kuna nini."

Sharifa, aliyekuwa amesimama dirishani, alikohoa. Mkuu wa shule hakujua acheke au asicheke.

"Basi atakaa jukwaani na wageni. Atapewa soda, atasikiliza wenzake wakikimbia. Naye atajisikia yupo."

Filomena alikaa kimya. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye shingo nene ya kubebea matenga, na mkuu wa shule aliuchukua ukimya wake kuwa ni shukrani. Alikuwa ameshanyanyua kalamu aendelee na kazi zake.

"Mwalimu," Filomena alimwuliza Sharifa, "huyo wa kushika kamba anatakiwa awe mtu wa namna gani?"

"Anayemzidi mbio. Yudith akiwa anahema, yeye awe bado ana pumzi ya kusema. Maana ndiye anayemwambia kona iko wapi, shimo liko wapi, mstari uko wapi."

"Barua ya mashindano imesema awe nani?"

"Imesema awe wa kike. Basi."

"Mimi napanda na gunia la kabichi kutoka bondeni mpaka barabarani, na njiani nazungumza," alisema Filomena. "Nipe nafasi hiyo."

"Mama Yudith!" Mkuu wa shule aliiweka kalamu chini. "Wewe ni mke wa mtu."

"Najua, Mkuu. Nimeolewa kanisani."

&nbsp;

Alasiri ile Filomena alifika kiwanjani amevaa suruali ya michezo ya Sharifa, juu yake kitenge, miguuni raba za mpira za kulimia. Yudith aliivaa kamba kwenye kiganja chake, mama naye akaivaa upande wake. Wakakimbia. Hawakufika mbali. Kitenge kilimnasa Filomena magotini, akayumba, akamburuta binti yake pembeni mpaka kwenye majani.

"Vua hicho," alisema Sharifa.

Wanawake waliokuwa wakipita na kuni walikuwa wamesimama barabarani. Mafundi waliokuwa wakijenga choo cha shule walikuwa wameacha kujenga. Filomena aliwaangalia wote, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu kuku jioni, halafu akakifungua kitenge, akakikunja vizuri na kukiweka juu ya jiwe. Fundi mmoja alipiga mluzi.

"Mama, wanatucheka?" aliuliza Yudith.

"Wanacheka. Mimi sijui wanacheka nini. Twende."

Tatizo la Filomena halikuwa mbio. Mbio alikuwa nazo. Tatizo lilikuwa mkono wake. Kila walipokaribia kona alimvuta Yudith, kila walipokaribia mwisho alitangulia mbele, kama vile kuna gari linakuja na lazima amwokoe mtoto.

"Mama, unanivuta," alisema Yudith mara ya tatu.

"Nakuongoza."

"Unanibeba. Nimekuwa ndoo. Mwambie, mwalimu."

Sharifa alikuja polepole, mkono mmoja kiunoni. "Mama Yudith, mkimbiaji ni yeye. Wewe ni macho tu. Macho hayatangulii mwili. Na ukivuka mstari wa mwisho kabla yake, hata kwa pua, wanamtoa mashindanoni. Sheria hiyo ipo dunia nzima."

Filomena alihema, akifuta jasho kwa mkono wa sweta. Tangu mtoto huyu alipoanza kutambaa, kazi yake ilikuwa kuwa mbele: kuondoa kigoda, kufunika kisima, kuzima moto. Sasa anaambiwa abaki nyuma.

"Niambie tena nifanyeje," alisema.

Walirudia mpaka ukungu ulipofunika magoli. Mara ya mwisho kabisa, kwenye mstari, Filomena aliuacha mkono wake ulegee, akaisikia kamba ikitembea mbele yake, na mtoto akapita.

&nbsp;

Ijumaa jioni Silvano alirudi kutoka jumuiya mapema kuliko kawaida. Hakula. Alikaa kwenye kigoda karibu na moto, mama yake mzazi akiwa upande wa pili wa mafiga akichambua maharage, Yudith akimsaidia kwa vidole.

"Leo tumesali nyumbani kwa Alphonce," Silvano alisema. "Baada ya sala mtu mmoja ameuliza kama mwenyekiti naye ameshanunuliwa bukta, au ni mkewe tu. Watu wamecheka mpaka mishumaa ikazimika."

"Ukawajibuje?" aliuliza Filomena.

"Ningejibu nini? Mke wangu anakimbia na suruali mbele ya mafundi. Kesho utakimbia mbele ya Lushoto nzima. Jumapili mimi nisimame mbele za watu niseme tumsifu Yesu Kristo?"

"Sema. Watakujibu milele amina."

"Filomena, sitanii. Umri wako si wa kukimbia. Waachie shule. Kama shule haina mshika kamba, basi Mungu hajapenda mwaka huu."

"Mungu ndiye aliyewakataza wale wasichana? Mimi nilidhani ni Mathayo."

Bibi aliacha kuchambua. Alisema kwa Kishambaa, taratibu, bila kumwangalia mwanawe: "Wewe nilikuwa nimekubeba tumboni nikapeleka viazi sokoni Mlalo kwa miguu. Nilikunja nguo mpaka hapa," akaonyesha juu ya goti, "nikavuka mto. Wanaume walikuwepo, wamesimama ng'ambo, wanaona. Hakuna aliyeniambia ni aibu. Walikuwa wanangoja viazi."

"Hiyo ilikuwa kazi, mame."

"Na hii ni nini?"

Silvano alisugua uso kwa viganja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa amejifunza kupita katikati ya watu bila kugongana nao, naye alichaguliwa mwenyekiti kwa sababu hiyohiyo.

"Baba," alisema Yudith.

"Ee."

"Nikuulize kitu. Aibu yako ni mama, au ni mimi?"

Moto ulipasua kuni. Bibi alishika ungo kwa mikono miwili. Filomena alimwangalia mumewe, naye Silvano akawaangalia wote, na pale ambapo baba mwingine angeweza kukaripia, au kukana haraka, yeye alishindwa vyote viwili. Alinyanyuka, akachukua ndoo, akasema anakwenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa.

Yudith alirudi kwenye maharage. Alichanganya mazuri na mabovu, na bibi akayachambua upya.

&nbsp;

Jumamosi Lushoto ilikuwa na jua jembamba na baridi. Kiwanja kilichorwa kwa chokaa, kwaya iliimba, mgeni rasmi alichelewa, watoto wakala matunda damu mpaka midomo ikawa myekundu. Silvano hakupanda gari la shule. Alikuwa ameshuka alfajiri na lori la kabichi pamoja na wanaume wengine wa Rangwi, kijiji chao, na mzigo ulipouzwa, miguu yake ikampeleka ukutani mwa kiwanja, akasimama nyuma ya watu, kofia ameishusha. Alphonce na wenzake walimfuata.

Mbio za wasichana wasioona, mita mia mbili, zilikuwa na washiriki wanne. Wawili wa kwanza wangekwenda Tanga, kwenye mashindano ya mkoa. Kila mmoja alifungwa kitambaa cheusi machoni.

"Mimi mnanifunga ili nini?" aliuliza Yudith.

"Yule mwenzako wa mwisho anaona mwanga kidogo," alisema mwalimu aliyekuwa akifunga. "Ili wote muwe sawa."

"Basi mkaze vizuri."

Watu walipomwona mama mtu mzima kwenye mstari, kamba mkononi, suruali ya bluu ikimbana mapaja, kicheko kilianza upande wa jukwaa na kuzunguka kiwanja chote. "Bibi harusi!" mtu alipiga kelele. Alphonce alimgusa Silvano kiwiko. "Mwenyekiti, mbio zako hizo." Silvano hakugeuka.

Filimbi ikalia. Filomena hakusikia kicheko tena. Alisikia pumzi ya Yudith na miguu ya Yudith, akaiingiza miguu yake katika hiyo. "Nyooka, nyooka, kona inakuja, kona, kushoto, kushoto, toka." Walipotoka kwenye kona walikuwa wa tatu. "Mmoja yuko mbele yako, anahema, unamsikia?" Yudith alimsikia. Alimfuata kama alivyozoea kuifuata filimbi, akampita. Kwenye chokaa Filomena aliulegeza mkono, Yudith akavuka, mama akavuka nyuma yake.

Wa pili.

Kicheko kilikuwa kimekufa. Sharifa alikuwa akipiga makofi juu ya tumbo lake. Filomena aliinama ameshika magoti, akicheka na kutema mate. Ndipo walipomwona mwalimu wa shule iliyoshika nafasi ya tatu akizungumza na msimamizi wa mashindano, Bwana Hezekia, mtu nadhifu mwenye koti na saa ya kupimia muda shingoni. Kamati ikakusanyika. Baada ya kitambo Hezekia alichukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mshika kamba anatakiwa awe mwanafunzi. Mshiriki wa shule ya Rangwi amefutwa. Tuendelee na ratiba."

Sharifa alifika mezani kabla sauti haijatulia. "Kanuni hiyo iko wapi, Bwana Hezekia? Barua nimeisoma yote."

"Kamati imeamua."

"Imeamua lini?"

"Sasa hivi, mwalimu. Kamati ina mamlaka. Tafadhali, una hali, usijisumbue, kaa kivulini."

"Kanuni zenu ziko kwenye barua, nimezifuata!"

"Mwalimu," alisema Yudith. Alikuwa amekuja akifuata sauti zao, kitambaa amekipandisha kwenye paji la uso, mama yake nyuma. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Pole sana. Umejitahidi."

"Mnataka mwanafunzi?"

"Ndiyo utaratibu."

"Basi nipeni mwanafunzi. Hapa wamejaa. Nikimbie tena."

Hezekia alitabasamu kwa wale waliokuwa karibu. "Na nani? Wenzako wameshamaliza."

"Peke yangu, na saa yako. Muda wangu mtaupanga na wa wenzangu."

"Umetoka kukimbia sasa hivi."

"Mimi ndiye niliyekimbia, mzee. Najua."

Watu walikuwa wamesogea. Mmoja akasema, mpeni. Mwingine akasema, si mumpe? Hezekia aliona njia fupi ya kumaliza jambo. Aliuliza kwenye kipaza sauti kama kuna mwanafunzi wa kike aliye tayari kumshikia kamba binti huyu. Alingoja. Kiwanja kizima kiliangalia viatu vyake. Alikuwa ameshafungua mdomo aseme basi, msichana mrefu mwenye sare ya shule moja ya Mlalo alipotoka kwenye mstari wa wenzake.

"Naitwa Happiness," alisema. "Lakini mimi sijawahi."

"Hata mama hakuwahi," alisema Yudith. "Njoo."

Filomena aliitoa kamba mkononi mwake. Ilikuwa imelowa jasho. Aliuchukua mkono wa yule msichana, akamvalisha kitanzi, na maneno yakamtoka haraka kuliko alivyowahi kuyasema: "Usimvute. Usimbebe, hapendi. Mwambie kona kabla ya kona, usimwambie mkiwa ndani ya kona. Mwendo ni wake. Na kwenye chokaa ya mwisho baki nyuma, hata roho ikikutuma."

"Ndiyo, mama."

"Mama, tuachie," alisema Yudith.

Filomena alirudi nyuma. Mikono yake haikuwa na kitu, hakujua aiweke wapi, akaifunga kifuani.

Walikimbia vizuri mpaka kwenye kona. Happiness alisema "kona" kwa wakati, lakini yeye mwenyewe aliikata kwa ndani mno, miguu ikagongana, wote wawili wakaanguka kwenye chokaa na vumbi. Kutoka pande zote lilipanda neno moja, kama upepo: "Maskini!" Filomena alipiga hatua. Sharifa alimshika mkono.

"Kamba!" alipiga kelele Yudith. "Iko? Haijakatika?"

"Iko!"

"Twende!"

Aliamka goti likivuja damu, kitambaa cheusi kimejaa vumbi, akakimbia nusu ya pili kwa hasira ambayo Happiness, aliyekuwa bingwa wa shule yake, aliweza kuifuata kwa shida. Kwenye mstari yule msichana alikumbuka, akajizuia, karibu aanguke tena. Yudith akavuka.

Watu walipiga makofi ya huruma. Hezekia aliisimamisha saa, akaiacha ining'inie shingoni. "Pole, binti. Mpeni maji. Mumsafishe hilo goti."

"Muda wangu ni upi?" aliuliza Yudith.

"Umeanguka. Haina haja."

"Wenzangu mliwatangazia. Muda wangu ni upi?"

"Binti, tuna ratiba. Wavulana wanangoja."

Hapo ndipo watu waliokuwa ukutani walipoona mwanamume mwenye kofia na matope ya kabichi kwenye suruali akiruka ukuta, akikatiza kiwanja, akizikanyaga chokaa zote. Silvano alifika mezani. Hakuwa na sauti kubwa, hajawahi kuwa nayo.

"Mwanangu ameuliza swali."

"Wewe ni nani?"

"Baba yake. Na yule uliyemfuta ni mke wangu. Mwanangu ameuliza, kwa heshima, na amesimama anatoka damu anangoja jibu. Msomee."

Hezekia aliangalia huku na huku. Kamati iliangalia pembeni. Aliinua saa, akachukua kipaza sauti, akasoma. Mwalimu mmoja wa kamati alilinganisha na karatasi yake, akainua uso. Yudith, pamoja na kuanguka, alikuwa amemshinda mshiriki wa mwisho, ambaye hakuanguka. Kwa hiyo alikuwa wa tatu. Wa tatu haendi Tanga.

Upande wa wanafunzi ulilipuka, na safari hii hawakusema maskini. Walitaja jina lake.

"Asante, mzee," alisema Yudith. "Mwakani nitakuja tena. Andikeni kanuni kabla ya mbio, msiandike baada."

Alimgeukia Happiness, ambaye alikuwa analia waziwazi. "Ulikata kona."

"Nilikata. Nisamehe."

"Ungekuwa Rangwi ningekufundisha. Una mbio."

&nbsp;

Alasiri waliondoka kiwanjani watatu kwenda stendi. Sharifa alikuwa amebaki kukusanya wanafunzi wengine. Filomena alitembea mbele na mfuko wa viatu, bado kavaa suruali ileile. Kitenge alikifunga shingoni kujikinga na baridi. Silvano alimwangalia mgongoni. Alitaka kumwambia kitu, akatafuta maneno, mwisho akasema tu, "Ulikimbia vizuri, mama Yudith."

"Ulikuwepo?" alisema Filomena bila kugeuka. "Mimi sikukuona."

"Nilikuwa ukutani."

"Ee," alisema. Haikuwa msamaha, lakini hakuongeza mwendo.

Barabara ilikuwa na mashimo, na Yudith alikuwa akichechemea. Silvano alimkamata kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama mtu anavyoshika kamba ya mbuzi.

"Hapana, baba. Usinishike. Mimi ndiye ninayeshika." Aliutoa mkono wake, akapanda nao mpaka akakipata kiwiko cha baba yake, akakizungushia vidole. "Hivi. Wewe tembea tu, mwili wako utaniambia."

Miaka yote Silvano hakuwahi kumwuliza mtoto wake anapenda kuongozwaje. Wakatembea. Mbele yao, penye lori tupu la kabichi, wanaume wa Rangwi walikuwa wamekaa wakinywa kahawa. Alphonce aliwaona, akamgusa jirani yake. Mmoja akasema kitu kwa Kishambaa kuhusu suruali, wengine wakaficha nyuso kwenye vikombe. Silvano aliteremsha kofia, mabega yakainama.

"Baba," alisema Yudith kwa sauti ya chini.

"Ee."

"Usiiname. Nikikushika hivi, ukiinama na mimi nainama."

Silvano alisimama. Alivua kofia, akaiweka mfukoni, akanyoosha mgongo mpaka akasikia vidole vya binti yake vikipanda naye. Kisha akawasalimu wale wanaume, mmoja mmoja, kwa majina yao, akawapita katikati, taratibu, bila kuzunguka.